Adapta mbili zenye jina moja

Katika Kiswahili cha madukani hapa Dodoma, neno "adapta" limebeba vitu viwili ambavyo havina undugu wowote, isipokuwa kwamba vyote huchomekwa ukutani. Cha kwanza ni kile kipande kidogo cha plastiki cha kubadilishia pini, ambacho upande mmoja kina miguu mitatu ya soketi zetu na upande wa pili kina matundu ya kupokelea plagi za nchi nyingine. Cha pili ni lile boksi zito lenye waya mrefu, ambalo hupokea umeme wa ukutani na kuutoa ukiwa umeshushwa hadi volti 9, 10 au 12 za kuendeshea kifaa. Cha kwanza hubadilisha umbo la plagi, na umeme hupita ndani yake kama ulivyo. Cha pili hubadilisha umeme wenyewe. Mwaka jana niliingia dukani nikaomba adapta ya gemu la Kijapani, muuzaji akanipa adapta, wala hakunidanganya, na jioni ile ile niliunguza kitu kilichokuwa kimedumu zaidi ya miaka thelathini.

Gemu lenyewe ni Super Famicom, ambalo kampuni ya Nintendo ilianza kuliuza Japani tarehe 21 Novemba 1990, na ambalo Marekani na Ulaya zililipata baadaye kwa jina la Super Nintendo. Kaka yangu alilikuta Dar es Salaam katika duka la mitumba ya Japani, pale wanapouza baiskeli, redio na seti za sahani zilizoshushwa kwenye makontena. Alilinunua pamoja na pedi mbili, kaseti nne na adapta yake, akapanda nalo treni na kunikabidhi mkononi stesheni. Mimi na yeye tulikulia Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, na shilingi zetu za likizo katika miaka ya tisini ziliishia kwenye kibanda cha gemu, tukipanga foleni juani kwa ajili ya dakika chache za kushika pedi ya mtu mwingine. Chombo cha namna hii hatukuwahi kukimiliki, na kikishaungua hakuna kiwanda kinachokitengeneza tena.

Adapta iliyokuja nalo ina pini mbili bapa za Kijapani, na maandishi yake karibu yote ni ya Kijapani, lugha nisiyoijua. Hata hivyo tarakimu hazihitaji mkalimani. Ilikuwa imeandikwa HVC-002, kisha 100V, kisha 50/60Hz, na chini yake 10V na 850mA. Nilizipita tarakimu hizo kama mtu anavyopita bango la barabarani ambalo amelizoea, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye pini: hizi pini zitaingiaje kwenye soketi yangu? Ndiyo maana nilikwenda kununua kile kipande cha plastiki.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa kuwa naamini kosa langu ni la wengi. Soketi zetu tulizirithi kwa Waingereza, na ndani yake mna vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini mpaka mguu mrefu wa juu uingie na kuvifungua. Ni kizuizi kilichowekwa kwa makusudi. Lakini karibu kila nyumba niliyowahi kuishi ina kalamu iliyokwisha wino au kijiti kilichochongwa, kazi yake ikiwa kuchokonoa tundu la juu ili plagi ya miguu miwili ipite, na ekstensheni tunazonunua zina matundu mapana yanayokubali plagi ya nchi yoyote duniani. Tumezoea kuliona umbo la plagi kama usumbufu wa kuzungukwa. Kumbe pini bapa za Kijapani zilikuwa zinaniambia jambo la kweli, kwamba kitu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya ukuta wa volti 100, na ukuta wangu ni wa volti 230.

Chaja za simu nazo zimechangia kutuharibia tabia. Chukua chaja yoyote ya simu uliyonayo uisome mgongoni: utakuta 100-240V. Maana yake ni kwamba ndani yake mna saketi inayojirekebisha yenyewe, hivyo ukiichomeka Tokyo au Kondoa itatoa umeme ule ule. Kwa muda mrefu sasa vitu vingi vidogo tunavyochomeka vimekuwa vya namna hiyo, na mkono umezoea kuchomeka bila jicho kusoma. Adapta za magemu ya miaka ya themanini na tisini hazina saketi hiyo. Ndani ya HVC-002 mna transfoma ya kawaida, yaani nyuzi za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma, pamoja na diodi na kapasita, vipuri vidogo vya kuunyoosha na kuutuliza umeme. Transfoma haijui volti ngapi zinatakiwa, inagawanya tu. Ukiipa 100 itatoa 10 na ushee, na ukiipa 230 itajaribu kutoa mara mbili na zaidi ya hapo, huku kiini chake kikishiba na nyuzi zake zikivuta umeme mwingi kupita uwezo wake hadi zinapokaangika.

Nilichosikia mimi kilikuwa mvumo. Haukuwa mkubwa, ulifanana na nyuki aliyenaswa ndani ya kopo, na ulianza mara tu nilipowasha swichi ya ukutani, kabla hata sijagusa swichi ya gemu. Baada ya muda mfupi ikaja harufu ya vanishi inayoungua, ile harufu tamu na kali ambayo mtu aliyewahi kuunguza mota ya maji haisahau. Nilichomoa. Adapta ilikuwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika kiganjani. Baadaye nilielezwa kwamba transfoma nyingi za aina hiyo zina fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya mzingo wa nyuzi, nayo ikikatika imekatika moja kwa moja, na kwamba fyuzi hiyo huenda ndiyo iliyoliokoa gemu langu usiku ule.

Liliokoka kwa siku moja. Kesho yake, nikiwa na haraka ya kujua kama gemu bado zima, nilichomoa adapta ya king'amuzi na kujaribisha kichwa chake kwenye tundu la nyuma la Super Famicom. Kiliingia vizuri kabisa, kwa sauti ile ndogo ya kuridhisha ambayo hukufanya uamini kwamba vitu viwili vimeumbwa kwa ajili ya kukutana. Niliwasha, taa nyekundu ya mbele haikuwaka, na nikajua nimeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Nilikwenda kwa fundi redio mmoja pale Majengo, mzee ambaye benchi yake iko chini ya kivuli cha bati na ambaye ametengeneza redio za baba yangu. Nilimwamkia, akaitikia, akaligeuza gemu na kuzitazama skrubu zake. Hazikuwa za nyota wala za bapa. Zina kichwa cha mviringo chenye meno sita, milimita 4.5, ambazo Nintendo ilizitumia ili watu wasifungue. Mzee alichukua ganda la kalamu ya plastiki, akalipasha ncha kwenye moto wa kiberiti mpaka likalegea, akalikandamiza juu ya skrubu na kuliacha lipoe. Plastiki ilipokauka ilikuwa imechukua umbo la yale meno, na kalamu ikawa bisibisi. Alizifungua zote kwa kalamu hiyo moja, akiipasha tena kila ilipolegea.

"Hiyo adapta uliyoweka umekuja nayo, mwanangu?"

Nikampa ile ya king'amuzi. Aliichomeka kwenye ekstensheni yake, akaiweka multimeta, yaani kipima umeme chake, kwenye alama ya DC, yaani mkondo mnyoofu, akaingiza ncha nyekundu ndani ya tundu la kichwa cha adapta na kugusisha nyeusi kwenye bati la nje. Kioo kikasoma 12.2. Kisha akanionyesha kidole chake kwenye plastiki ya gemu, karibu na tundu la umeme, ambapo pamechorwa mduara wenye mdomo wazi na nukta katikati yake, na mistari miwili inayotoka humo, mmoja ukielekea alama ya kutoa na mwingine alama ya kujumlisha. Mstari wa nukta ulikwenda kwenye kutoa.

"Huyu anataka hasi katikati. Wewe umempa chanya katikati. Umempa umeme kinyumenyume."

Hili ndilo jambo ambalo sikuwa nimelisikia maishani mwangu. Adapta za ving'amuzi, za ruta za intaneti, za kamera za ulinzi na za vitu vingi tulivyonavyo majumbani huweka chanya kwenye pini ya katikati na hasi kwenye ganda la nje. Magemu mengi ya Kijapani ya zama zile yalifanya kinyume. Famicom ya mwaka 1983, gemu la Nintendo lililoitangulia Super Famicom, inataka hasi katikati, Super Famicom hivyo hivyo, na ndiyo maana zote mbili hutumia adapta moja. Nintendo iliiuza Super Famicom nchini Japani bila adapta ndani ya boksi, kwa kuwa watu wengi walikuwa tayari na ile ya Famicom. Ukikuta gemu hili linauzwa mtumba bila adapta, usidhani muuzaji ameificha.

Kwenye bodi ya Super Famicom, karibu na tundu la umeme, kuna fyuzi ndogo ya ampea 1.5 iliyolehemiwa, ambayo ni rahisi kuidhania kuwa rezista. Mzee aliipima, ikawa imekatika. Aliitoa kwa pasi ya kulehemu, akaweka nyingine ya kiwango hicho hicho aliyoitoa kwenye mkebe wa vipuri, na alikataa katakata niliposema kwamba nimewaona watu wakiunganisha kipande cha waya mahali pa fyuzi. Alisema waya hautakatika. Kitakachokatika safari nyingine ni bodi. Namshukuru kwa ukali ule.

Baada ya hapo tatizo lilibaki kuwa moja: nitaipata wapi adapta ya volti 9 au 10, yenye hasi katikati, inayopokea 230? Nilizunguka maduka ya vifaa vya umeme kuanzia Majengo hadi karibu na Nyerere Square, na kila nilipouliza habari ya hasi katikati nililetewa boksi la adapta na kuambiwa nijaribu mwenyewe ipi inaingia. Jibu nililipata kanisani. Mpiga gitaa wa kwaya yetu ana pedali nne za kubadilishia sauti, nami nilikuwa nimeziona kila Jumapili bila kuwaza kwamba nazo zinakula umeme kutoka mahali fulani. Pedali za gitaa karibu zote hutumia volti 9, mkondo mnyoofu, hasi katikati, kwa kichwa cha milimita 5.5 kwa 2.1. Ni kipimo ambacho wapiga gitaa wanakichukulia kama jambo la kawaida kabisa. Nilipomweleza mpiga gitaa huyu shida yangu, alistaajabu kwamba kuna watu wanaotafuta kitu hicho kwa taabu.

Tahadhari yake ikawa kwenye ampea. Adapta ndogo ya pedali moja hutoa milliampea 500 au pungufu, wakati Super Famicom imetengenezewa adapta ya 850. Aliyonishauri ninunue ni ile ya kulisha pedali kadhaa kwa pamoja, ya volti 9 na ampea 2, ambayo mgongoni imeandikwa 100-240V. Wapo watakaoogopa kwamba ampea 2 ni nyingi mno kwa gemu la 0.85. Mtu anayetumia maji ya simtanki ataelewa haraka: urefu wa mnara unaoliinua tangi ndio volti, kwa kuwa ndio unaosukuma maji, na ukubwa wa tangi ni ampea. Tangi la lita 5,000 halilazimishi maji kwenye kikombe chako. Unafungua bomba na kuchukua unachohitaji. Lakini ukilipandisha tangi mara mbili juu zaidi, mabomba yanapasuka. Basi ampea zikizidi hakuna dhara, zikipungua adapta inachemka na gemu linajizima. Volti ndizo zisizoruhusiwa kuzidi.

Na je, volti 9 badala ya 10 inatosha? Inatosha. Ndani ya Super Famicom mna regyuleta ya aina ya 7805, kipande chenye miguu mitatu kilichofungwa kwenye bati la kupozea, ambacho kazi yake ni kupokea volti zilizozidi na kutoa 5 tu ambazo chipu zinazitaka. Kinahitaji kupewa kama volti 7 ili kifanye kazi sawasawa, na ziada yote hugeuka joto. Tuseme gemu linavuta ampea 0.6: ukilipa volti 9, regyuleta inatupa wati 2.4 kama joto, na ukilipa 12 inatupa wati 4.2. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini ndani ya plastiki iliyofungwa, mwezi wa Novemba, katika nyumba ya bati hapa Dodoma, ina uzito wake. Kwa hiyo hata ningeigeuza adapta ya king'amuzi ikawa hasi katikati, bado nisingeitumia.

Wale wenye magemu mengine wasichukue vipimo vyangu. NES, yaani Famicom kwa umbo la kuuzwa Marekani na Ulaya, ilikuja na adapta inayotoa volti 9 za mkondo geu, yaani AC, kwa sababu diodi za kuunyoosha umeme zimo ndani ya gemu lenyewe; adapta hiyo ukiichomeka kwenye Famicom au Super Famicom unaliua. Mega Drive ya kwanza ya Sega, ya mwaka 1988, inataka hasi katikati, na Mega Drive 2 ya kampuni hiyo hiyo inataka chanya katikati kwa kichwa cha ukubwa tofauti. PSone inakula volti 7.5, GameCube 12. Kila moja isomwe kwenye mwili wake.

Jambo moja linalowatia watu hofu bila sababu ni hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme wa ukutani kwa sekunde. Sisi tuna 50, na wengi hudhani Japani nzima ina 60. Japani ina zote mbili: mashariki, upande wa Tokyo, walianza na jenereta za Kijerumani za hezi 50 mwishoni mwa karne ya 19, na magharibi, upande wa Osaka, wakaanza na za Kimarekani za hezi 60, na mgawanyo huo haujaondoka hadi leo. Ndiyo sababu adapta yangu iliandikwa 50/60Hz. Iliweza kuvumilia hezi za Dodoma; volti zake ndizo hazikuvumilika. Anayemiliki gari lililotoka Japani anaijua hali hii kupitia redio yake, ambayo huishia megahezi 90 au karibu na hapo na kuziacha stesheni zetu nyingi nje. Redio hiyo si mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya anga la kwao.

Kuna kundi la magemu ambalo linanitia wasiwasi zaidi, nalo ni yale yasiyo na adapta ya nje kabisa. PlayStation ya kwanza ya Kijapani, Sega Saturn ya Kijapani na PlayStation 2 ile nene ya Kijapani zina kigeuza umeme ndani ya tumbo, na nyuma zina tundu la waya wenye umbo la nane, ule ule unaotumika kwenye redio zetu. Hapa hata umbo la pini halikuonyi. Unachomoa waya wa redio, unauchomeka, na volti 230 zinaingia moja kwa moja kwenye saketi ya volti 100. Umeme wa 230 unaponyooshwa hufika kilele cha karibu volti 325, ilhali kapasita kubwa za mlangoni katika vifaa vya volti 100 kwa kawaida hubeba 200. Hupasuka kwa mlipuko wa ghafla, na maji yake ya kemikali hutapakaa kwenye bodi.

Magemu hayo yanahitaji transfoma ya kushushia umeme, na ununuzi wake una mtego. Nyingi zilizoko madukani ni za kugawa nusu, zimeandikwa 220 kwenda 110, na ni za vifaa vya Kimarekani. Nilipopima soketi ya sebuleni kwangu usiku mmoja nilisoma 238. Nusu yake ni 119, ambayo kwa kifaa cha volti 100 ni ziada ya karibu moja ya tano. Itafutwe iliyoandikwa 100 upande wa kutoa, na iwe nzito, ya chuma na shaba. Vile vigeuzi vyepesi vya wasafiri, vya kukaushia nywele na kuchemshia maji, hukatakata wimbi la umeme badala ya kulishusha, na havifai kwa kifaa chochote chenye chipu. Kifaa cha kulinda friji, ambacho watu wengi tunacho, nacho ni kizuri kutangulizwa mbele ya transfoma, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi huwa haurudi kwa upole.

Super Famicom sasa linafanya kazi. Kwenye adapta yake nimebandika plasta nyeupe niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito, "9V, HASI KATIKATI, GEMU TU", na ile ya king'amuzi nayo nimeibandika ya kwake, kwa kuwa zote mbili ni nyeusi na zina kichwa kinachofanana. Majuma mawili yaliyopita kaka alipiga simu akiwa kule kule kwenye makontena: amepata PlayStation ya Kijapani, nene, safi, ina waya wake. Nilimwambia ailete, ila waya auache kwenye begi lake. Alipofika niliuchukua mimi, na uko kabatini chini ya kanga hadi transfoma ya volti 100 niliyoagiza Kariakoo itakapopanda kuja Dodoma.